Yoyo imenitoa jasho

Mwenzenu nipo. Najua nimepotea karibu wiki nne, na kuna mmoja wenu alinitumia meseji akiuliza kama nimedisco. Sijadisco jamani, bado nipo mwaka wa pili na kitambulisho changu getini kinakubalika kama kawaida. Nilikuwa nimetingwa tu. Kwanza na testi, hilo kila mtu analijua. Pili na kitu ambacho mkikisikia mtacheka: nilikuwa najifunza kucheza yoyo.

Ndiyo, yoyo. Kale kadude ka plastiki ka vipande viwili na uzi katikati. Nina miaka ishirini na mbili, nasoma ualimu wa Hisabati na Fizikia, na kwa wiki nne nimekuwa nikirusha chini kadude ka shilingi elfu mbili na kukasubiri karudi mkononi. Mara nyingi hakarudi.

Cheka ukimaliza usome, kwa sababu haka kadude kamenigusa upande wa kazi yetu ya ualimu kuliko lekcha nyingi za muhula huu. Na kuna suala la dogo mmoja ambalo halijanitoka kichwani. Nitafika huko, msiwe na haraka.

ILIVYOANZA

Nje ya geti la hosteli kuna mama ntilie ambaye wengi tunakula kwake mfuko ukikauka. Ana mtoto wa kiume wa darasa la tano. Dogo akitoka shule anakuja pale, anaosha sahani, halafu anasubiri jioni waende nyumbani na mama yake. Ana yoyo nyekundu iliyobabuka rangi, sijui aliitoa wapi.

Siku tuliyomaliza testi ya mwisho nilikuwa pale nasubiri wali, kichwa kinauma. Nikamwona dogo anairusha ile yoyo chini. Badala ya kupanda ikabaki kule chini, inazunguka tu hewani. Akainamisha mkono taratibu, yoyo ikagusa saruji na kuanza kutembea yenyewe mbele yake kama mbwa aliyefungwa kamba. Halafu akavuta kidogo, pa! Ikarudi kiganjani.

Nikamwambia, "Dogo, nifundishe hiyo."

"Ticha, itakusumbua." (Pale kwa mama yake wote tunaosoma ualimu tunaitwa ticha.)

"Nisumbue tu, nimeshazoea kusumbuliwa."

"Basi nunua yako. Yangu utaikata uzi."

Kesho yake nikapanda daladala mpaka Kariakoo. Nilizunguka kwenye maduka ya vitu vya watoto mpaka nikapata moja ya bluu. Muuzaji akaniuliza mtoto wangu ana umri gani. Nikamwambia bado mdogo. Sikuwa na nguvu ya kueleza.

KWA WANAOPENDA HISTORIA

Nilipofika chumbani nilitumia bando langu lote kusoma habari za yoyo, kwa hiyo lazima na nyie mzisikie. Huu mchezo ni wa zamani sana. Kuna chombo cha udongo cha Ugiriki ya kale, kina miaka zaidi ya 2,400, kimechorwa kijana anacheza kitu kama yoyo. Ila yoyo hii tunayoijua ilienea Marekani kupitia Mfilipino anaitwa Pedro Flores, ambaye mwaka 1928 alianzisha kampuni ya kuzitengeneza huko California. Kwao Ufilipino mchezo ulikuwepo tayari, hata neno lenyewe limetoka huko. Baadaye tajiri mmoja, Donald Duncan, akainunua kampuni ile na kuajiri vijana waliokuwa wanazunguka mijini kuwaonyesha watoto jinsi ya kucheza. Kampuni yake ikalishikilia neno "yo-yo" kama mali yake mpaka mwaka 1965, mahakama ya Marekani iliposema neno hilo limeshakuwa la kila mtu.

Lakini kitu kilichonifurahisha mimi mtu wa Fizikia ni uzi. Yoyo za zamani za Ulaya uzi ulifungwa fundo kabisa kwenye kijiti cha katikati, kwa hiyo yoyo ilishuka na kupanda, basi. Yoyo ya Kifilipino uzi haufungwi. Unapitishwa kama kitanzi kuzunguka kile kijiti. Ikifika mwisho wa uzi inaendelea kuzunguka ndani ya kitanzi bila kupanda. Wachezaji wanasema yoyo "imelala". Ukivuta kidogo uzi unalegea kwa nukta moja, unang'ang'ania kijiti, na yoyo inajiviringisha kupanda juu.

Karibu mitindo yote ya uzi inaanzia hapo kwenye kulala. Kumtembeza mbwa ni kulala halafu kugusa chini. Kumbembeleza mtoto ni kulala halafu kutengeneza pembetatu ya uzi kwa mikono miwili na kuiyumbisha yoyo katikati kama mtoto kwenye susu. Yoyo isiyolala haina mbwa wala mtoto.

Na kulala kwenyewe kunahitaji dunia ikuvute! Mwaka 1985 wanaanga wa chombo Discovery walipanda na vitu vya kuchezea, yoyo ikiwemo, ili wanafunzi mashuleni waone tofauti. Kule juu ambako kitu kinaelea hakina uzito, yoyo ilikataa kulala. Inafika mwisho wa uzi inageuza hapo hapo. Kwa hiyo ukishindwa kuilaza huku chini, jua hata mwanaanga ilimshinda.

WIKI YA KWANZA: KULAZA

Mnanijua napenda kuhesabu. Nilichukua kaunta buku nikaamua kila jioni narusha mara mia moja, naandika ngapi zimelala. Jumatatu: 3. Jumanne: 7. Jumatano: 5. Alhamisi: 4.

Jamani, Alhamisi ile niliikasirikia yoyo kama mtu. Nilikuwa nafuata maelekezo yote. Uzi umekatwa urefu wa kufika kitovuni. Kitanzi kipo kidole cha kati. Kiganja kinatazama juu, mkono unashuka kama unapiga msumari kwa nyundo, unaachia, halafu unageuza kiganja chini kuisubiri. Inafika chini, inageuza, inarudi kwa kasi na kunigonga vidole. Mara ya ishirini na kitu kidole kimekuwa cha zambarau. Mara ya sitini imenigonga kwenye paji la uso. Mwenzangu chumbani alikuwa kitandani na desa lake usoni, kila yoyo ikigonga sakafu anashusha pumzi kwa sauti ili nisikie. Mwishowe akasema, "Kaka, kama una msongo wa mawazo si uende kukimbia kama wenzako?"

Msongo ulikuwepo, tena mkubwa, na sababu niliielewa. Mimi tangu shule ya msingi ni mtu wa kushika nafasi za juu. Kitu kikinishinda, mara nyingi nakaa mbali nacho na hakuna anayeniuliza. Sikuingia mpira, sikuingia kwaya. Sasa nipo na kitu ambacho kila nukta tatu kinaniambia hujaweza, hujaweza, hujaweza, na hakijali nilipata alama gani za kidato cha sita.

Ijumaa nikaenda kwa dogo na kaunta buku langu. Namba hakuzitazama. Alichukua yoyo, akaiachia ining'inie kwenye uzi, akaangalia. Akasema, "Uzi umebana."

Akaiacha ining'inie na kuizungusha taratibu kuelekea kushoto, kinyume na mishale ya saa, mara kadhaa. Nikaona uzi unajisokotoa na kulegea. Kila ukirusha, uzi unapata msokoto kidogo. Baada ya mara nyingi msokoto unabana kitanzi kwenye kijiti, na yoyo haiwezi kulala hata ungekuwa bingwa wa dunia. Ukilegea kupita kiasi, nako yoyo inalala na kugoma kuamka. Kwa hiyo unaulegeza na kuukaza kila baada ya muda, kama fundi anavyorekebisha nyuzi za gitaa.

Jioni ile kati ya mia zililala 31. Nilipiga kelele chumbani. Mwenzangu akadhani simba na yanga wanacheza.

WIKI YA PILI NA YA TATU: MBWA ANATEMBEA, MTOTO ANAGOMA

Mbwa hakunipa shida. Ukishajua kulaza, kumtembeza ni kushusha mkono taratibu, tena sakafu ya korido ya hosteli ni laini, anateleza vizuri. Siku tatu tu nikawa namtembeza mpaka mlango wa tatu. Kuna mtu wa jirani alinifungulia mlango akasema, "Mpitishe mbwa wako ale ugali." Raha tupu.

Kimbembe kilikuwa mtoto. Yoyo yangu ya elfu mbili haina beringi, inazunguka moja kwa moja kwenye kijiti, kwa hiyo hulala sekunde chache tu. Zile za mabingwa unazoziona YouTube zina beringi katikati na hulala kwa dakika nyingi, ndiyo maana wanapata muda wa kufuma uzi kama wanasuka mkeka. Mimi sekunde zangu chache lazima nirushe, nishike uzi katikati kwa mkono wa kushoto, nishushe mkono wa kulia, nitanue pembetatu, niyumbishe, niachie, nivute. Nikifika kwenye kutanua, yoyo imekufa. Inaning'inia pale kama panya aliyenaswa.

Kaunta buku, mtoto: 0, 0, 1, 0, 0, 2, 0, 1, 0. Siku tisa, nikijaribu mara hamsini kila siku. Ile 2 ilinifanya nisilale kwa furaha, na ile 0 iliyofuata ilinifanya nitake kuitupa yoyo dirishani.

Wale tuliosoma saikolojia ya elimu mnakumbuka Bryan na Harter, wale Wamarekani waliowachunguza watu wanaojifunza telegrafu, wakatoa matokeo mwaka 1897 na 1899. Waliona mstari wa maendeleo unapanda, halafu unakaa tambarare muda mrefu bila kupanda, ingawa mtu anafanya mazoezi kila siku, halafu ghafla unapanda tena. Maelezo yao ni kwamba kwenye tambarare ile mtu bado anakusanya vipande vidogo vidogo vikae mkononi bila kufikiri, mpaka vishikamane. Watafiti wa baadaye hawakuiona tambarare kila mahali, kwa hiyo msiikariri kama sheria. Lakini mimi nilikuwa katikati yake na ninawaambia ni jangwa.

Nikamrudia dogo. Safari hii alicheka kwanza, tena sana, akamwita na mama yake aje aone. Halafu akasema kitu cha maana: "Fanya ikiwa imekufa kwanza."

Maana yake, usiirushe. Iache ining'inie tu haizunguki. Fanya mikono yote taratibu: shika, shusha, tanua, yumbisha, achia. Rudia mpaka mikono ijue njia. Halafu ndiyo urushe. Nilifanya hivyo siku mbili, hata kwenye foleni ya maji. Siku ya tatu kati ya hamsini nilipata 14.

UTAMU WAKE UKO WAPI

Hapa ndipo nilitaka kufika. Nimejiuliza sana kwa nini sikuacha. Siku tisa za sifuri! Kuna kozi muhula huu (siitaji) ambayo nilishaichoka kwa kupata alama mbaya mara moja tu. Yoyo imenikatalia zaidi ya mara elfu na bado kila jioni nilikuwa naitafuta chini ya mto.

Jibu rahisi ni kwamba yoyo ni mchezo na kozi ni kozi. Halinitoshi. Raha ya yoyo haikuja baada ya shida kuisha. Ilikuwa humo humo ndani ya shida. Unarusha, inagoma, lakini ilivyogoma inakuambia kitu. Imeinama upande wa kulia? Umeirusha mkono ukiwa umepinda. Imerudi mapema? Uzi umebana. Imelala haitaki kuamka? Uzi umelegea. Imekufa kabla hujatanua? Mikono haijui njia. Jibu linakuja pale pale, halina matusi, na nafasi nyingine unayo sekunde hiyo hiyo. Unarekebisha kidogo, unarusha tena, unaona tofauti ndogo sana ambayo mtu mwingine hawezi kuiona, na mwili mzima unafurahi. Saa nzima inapita hujui.

Mwaka 1931 Thorndike, yule yule wa paka kwenye maboksi, alichapisha kitabu kuhusu watu wanavyojifunza. Kuna jaribio mle ndani ambalo sikulitilia maanani lekcha ilipopita, ila sasa nalipenda. Aliwafunga watu macho akawaambia wachore mstari wa inchi nne. Wakachora mstari, mwingine, mwingine, mistari mingi mno siku baada ya siku, bila kuambiwa kama wamepatia. Unajua walivyoendelea? Hawakuendelea. Mwishoni walikuwa wanakosea kama mwanzoni. Wanaofanya jaribio la namna hiyo huku wanaambiwa matokeo, wanarekebisha haraka.

Sisi tunaimba "mazoezi, mazoezi" kila siku. Thorndike anasema mazoezi ukiwa umefungwa macho hayafundishi kitu. Yanachosha tu.

SASA SUALA LA DOGO

Jumatano ya wiki jana nilikuta mama yake amekasirika. Dogo ameleta karatasi ya Hisabati, ameikunja mara nane na kuificha kwenye soksi. Alama 9 kwa 50. Mama akaniambia mbele yake, "Ticha, huyu kichwani hamna kitu. Kwenye midude yake hiyo ndiyo fundi." Dogo anaosha sahani, hajainua uso.

Mimi nikashangaa, kwa sababu huyo anayeambiwa kichwani hamna kitu ndiye aliyeuona uzi wangu umebana kwa kuutupia jicho mara moja, na ndiye aliyenikatia somo gumu vipande vipande mpaka likaingia. Alijifunza hivyo vitu kwa kukosea mara ngapi? Namuuliza anasema hajui, nyingi. Hakujali. Na huyu huyu kwenye Hisabati ameacha hata kujaribu, maswali ya mwisho ameyaacha meupe.

Nikaomba karatasi. Swali la nne: nusu jumlisha theluthi moja. Dogo ameandika 2/5. Pembeni kuna kosa jekundu. Hakuna kingine. Testi ilifanyika wiki tatu nyuma na darasa limeshatoka kwenye sehemu, sasa wako kwenye desimali.

"Hapa ulifanyaje?"

"Juu na juu, chini na chini."

"Na ulivyokosa, ulijua umekosa wapi?"

"Wameweka kosa tu."

Sitaki kumlaumu mwalimu wake. Simjui, na nikikumbuka TP yangu ya mwaka jana, darasa langu lilikuwa na wanafunzi sabini na mbili na madaftari yao nilikuwa nasahihisha mpaka usiku. Kosa, kosa, tiki, kosa. Yeyote aliyewahi kukaa na rundo lile anajua.

Nikamwomba mama chapati moja, nikailipia. Nikaikata katikati. "Hii nusu yako. Sasa nakuongezea kipande kingine juu yake. Jumla utakuwa na zaidi ya nusu au pungufu ya nusu?"

"Zaidi."

"Mbili ya tano ni zaidi ya nusu?"

Akafikiri. Tukachora chapati nyingine chini kwa mkaa, tukaigawa tano, tukapaka mbili. Akaangalia muda mrefu, akacheka. "Ah! Hapo nimeibiwa."

Wadau, nilisisimka. Sikumwambia mimi kwamba amekosea. Chapati ilimwambia, kama yoyo inavyoniambia mimi. Tulipokata vipande sita, nusu ikawa vitatu, theluthi ikawa viwili, akahesabu mwenyewe: tano ya sita. Nikamwambia huku kutafuta vipande vinavyolingana ndiko kulaza yoyo. Kujumlisha ndiyo mbwa. Yeye alikuwa anaambiwa amtembeze mbwa na yoyo haijalala.

Yoyo haikuruhusu uruke. Usipolaza, hakuna mbwa, inakukatalia yenyewe na unabaki pale pale mpaka uweze. Mtaala wetu haukatai. Unakupitisha. Hujalaza, twende mbwa. Mbwa hajatembea, twende mtoto. Halafu mwisho wa mwaka tunashangaa kwa nini mtu ameacha karatasi nyeupe.

Nisiwadanganye kwamba dogo sasa ni kipanga. Juzi nimempa maswali kumi ya sehemu. Amepata matano. Mama yake akasema, "Tano kwa kumi ndiyo mnachekelea?" Lakini kuna kitu hakukiona. Kabla sijasahihisha, dogo alikuwa ameweka nukta pembeni ya maswali manne. Nikamuuliza za nini. Akasema, "Hizo zimegoma, nimeona ila sijui kwa nini." Kati ya hayo manne, yote alikuwa amekosa. Yaani alikosa matano na manne aliyajua mwenyewe kabla ya kalamu yangu nyekundu! Akachukua mkaa akaanza tena la kwanza bila kuambiwa. Wiki mbili nyuma angeikunja ile karatasi mara nane.

Nimemsimulia mwenzangu chumbani akanipinga, na hoja zake ni nzito. Anasema yoyo unaiacha ukitaka, mtihani wa taifa haukusubiri. Anasema wanafunzi sabini na mbili hawawezi kila mmoja kupewa chapati na ticha wa kukaa naye chini. Ni kweli. Ndiyo maana nimevutiwa na lile swali la nusu: "jibu lako ni zaidi au pungufu?" Halihitaji ticha. Mtoto akishalijua analibeba kichwani, anajipima mwenyewe hata kama wako mia. TP inakuja, nami nimepanga kitu kidogo: dakika tano za kwanza za kila kipindi maswali matatu bila alama, majibu yanaandikwa ubaoni hapo hapo, kila mtu anatafuta mwenyewe kosa lake liko hatua ipi na kuweka nukta pale. Kaunta buku nitakuwa nalo. Kama ni sifuri, sifuri, moja, sifuri, nitaandika hivyo hivyo na nyie mtaziona.

KWA ANAYETAKA KUANZA

Kwa kuwa najua kuna watakaokwenda Kariakoo kimya kimya: kata uzi ufike kitovuni. Usicheze karibu na taa, wala karibu na mtu anayesoma desa. Ukiona kidole kinabadilika rangi, pumzika. Kila baada ya dakika chache acha yoyo ining'inie uangalie msokoto wa uzi. Mtindo mpya ufanye kwanza yoyo ikiwa imekufa. Na tafuta dogo wa kukucheka, inasaidia.

Mimi sasa hivi nahangaika na kuzunguka dunia, ile ya kuirusha yoyo imelala ikazunguka duara kubwa pembeni yako na kurudi. Mwenzangu chumbani amenipiga marufuku kuifanyia ndani, kwa hiyo naifanyia nyuma ya hosteli saa kumi na mbili jioni. Ukipita pale na kuona mtu anajikinga uso, ndiye mimi. Piga salamu, ila kwa mbali.

Kazi njema wadau. Mwenye maswali mazuri ya sehemu ya darasa la tano aniletee, dogo ameyamaliza niliyokuwa nayo.